Viatu vya Stelingi

Picha imekwisha saa nne kasorobo
na watu hawataki kwenda kwao.
Wamejaa mbele ya banda la Mbarouk, hapa Wete, njia ya kushukia bandarini,
na mie mlangoni, kopo la tikiti mapajani,
namsikia kila mtu na kilichomkaa rohoni.

Ya kumi na tisa hii.
Ya kwanza babangu aliiona kwa shilingi mbili,
na stelingi alikuwa na nywele.

Shaame wa gereji ndiye wa mwanzo kufoka:
"Gari imeruka daraja, imetua kwa pua,
na bampa zima! Khaa!
Mie nikiletewa gari iliyopiga shimo la Kinyasini
nalala chini yake siku tatu."

Mize Faki, muuza kachori, limemkera lile busu.
Si kwa haya, asema, kwa akili:
"Mwanamke kamjua asubuhi,
magharibi kashampa siri ya serikali.
Jasusi huyo, au bwege?"

Fundi Kombo hakuona hadithi kabisa. Aliona suti.
Kola, pindo, mshono wa bega usiofumuka
mtu akining'inia kwenye helikopta.
"Kitambaa kile," akasema kwa huzuni, "hakiji Pemba."

Vijana wa skuli wanalalamikia uzee:
ngazi tatu tu, stelingi kashika goti,
kakohoa, na mwisho wake, wallahi, kalia!
Tangu lini?
Stelingi hafi, stelingi halii, stelingi hana mama.
"Turudishie pesa," mmoja akanigeukia,
nami kopo nikalivuta karibu.

Bi Riziki alikuja kumtafuta mjukuu wake,
akasimama mlangoni, akaiona nusu ya mwisho bure.
"Mie," kasema, "pale alipolia ndipo nilipompenda.
Picha kumi na nane anaua watu
hajauliza hata mmoja jina lake."

Wakacheka. Na katika kucheka, Shaame akapiga kelele:
"Na wewe, Bwana Hemed, wasemaje?"

Mzaha tu. Hemed karani wa mizani,
aliyekuwa akipima karafuu kituoni zamani zile,
hukaa safu ya nyuma, hulipa pesa kamili,
na hasemi mbele za watu.
Usiku ule akasema:

"Viatu."

Tukangoja.

"Viatu vyake vinalia. Ko, ko, ko, jumba zima linamsikia.
Mtu wa kazi hiyo havai kiatu.
Huvaa malapa yaliyolika kisigino,
hupita nyuma ya nyumba kama anayetafuta kuku.
Akikaribishwa chai, hunywa.
Huuliza watoto wamefika darasa la ngapi."

Shaame akawa anafuta mikono isiyo na grisi.
Mize akafunika beseni lake, nalo lilikuwa tupu.
Bi Riziki akatazama chini, miguuni pa Hemed,
kwenye malapa ya buluu iliyokwisha kuwa rangi.

Mwaka ule wa magendo
magunia sita yalikuwa chini ya kitanda chake,
na hakuna aliyejua ila mume, mke na Mungu,
na mgeni mmoja aliyesifu chai kwa iliki yake.
Mume alirudi baada ya miaka miwili,
hataki kusikia harufu ya karafuu.
Na hapa Pemba, hiyo utaikimbilia wapi?

Hemed akaaga, "Alamsiki."
Hatukumsikia akiondoka.

Nikaanza kuzima taa. Bi Riziki bado yupo,
mjukuu kamshika mkono, anasinzia wima.
Akafungua fundo la kanga, akatoa noti,
akaitia koponi, yeye ambaye sikumdai.

"Kesho niwekee kiti cha mbele," akasema.
"Nataka kumwona tena
mtu wa kazi hiyo akilia."